Mtihani wa kuingia Gredi ya 1 unatuharibia chekechea

Mhariri,

Muhula wa tatu ukifunguliwa tu, wazazi huanza kunijia mlangoni mmoja mmoja. Hawaji kugombana. Husalimia vizuri, huuliza habari za nyumbani, kisha hutoa karatasi iliyokunjwa mara nne na kuniambia, "Mwalimu, haya ndiyo wanaulizwa kule. Tafadhali, hii michezo ipunguze kidogo." Kule ni shule fulani ya kibinafsi, mwaka huu hii, mwaka ujao ile, kwa hivyo sina haja ya kuitaja hata moja. Karatasi yenyewe ni mtihani wa kuingia Gredi ya 1, au intavyu kama tunavyouita mitaani. Niliyoonyeshwa hivi majuzi ilimtaka mtoto wa miaka mitano aandike nambari kuanzia 1 hadi 100, ajaze herufi zilizokosekana katika maneno ya Kiingereza, ajumlishe nambari zilizopangwa kwa safu, na mwisho aandike sentensi tatu kujihusu. Sentensi tatu! Katika chama chetu cha akina mama nina watu wazima ambao ukiwapa kazi hiyo watakuomba wiki nzima wafikirie.

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja. Mtihani huo ndio unaofukuza michezo chekechea. Tumezoea kuulaumu mtaala, au uhaba wa vifaa, au wazazi "wasioelewa". Mimi niko ndani ya darasa hilo, na ninachokiona kila mwaka ni ile karatasi.

Ninafunza PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, hapa Nyalenda, Kisumu, katika darasa la mabati lenye sakafu ya saruji iliyopasuka upande wa dirisha. Cheti changu ni cha zamani, cha enzi za DICECE, vile vituo vya wilaya vya kufunza walimu wa chekechea, tulipokuwa tukisoma likizo za Aprili, Agosti na Desemba, muhula ukianza tunarudi kufunza. Wakati huo hatukuuziwa vifaa. Tuliambiwa tuje na magunia, vifuniko vya soda, mabua, makopo na mbegu, na mkufunzi alikuwa akizunguka meza kwa meza akiokota kimoja kimoja na kuuliza, "Na hiki kinafunza nini?" Ukibabaika, alikirudisha mezani bila neno na kwenda kwa mwenzako. Swali hilo bado ninajiuliza kila nikiokota kitu barabarani, na mume wangu ameshazoea kutembea na mtu anayeinama inama.

Basi niwaeleze kinachoendelea darasani, maana anayesema "wanacheza tu" mara nyingi hajawahi kuingia.

Kona ya kwanza ni soko la samaki. Tuna meza fupi, gorogoro kuukuu ya kupimia iliyobonyea ubavuni, mkebe mdogo wa nusu, na karai. Omena wetu, wale dagaa wa ziwa, ni majani makavu ya mwarobaini. Mti uko nyuma ya ua na haujawahi kutunyima. Pesa ni vipande vya katoni nilivyoviandika 5, 10 na 20. Muuzaji ni mmoja, wateja wanne, na wengine wanangoja zamu yao wakiwa kwenye kona nyingine.

Juzi muuzaji alikuwa msichana ambaye mamake huuza omena Kondele. Alichofanya hakufunzwa na mimi. Aliyachota majani kwa ncha za vidole, akayadondosha ndani ya gorogoro polepole kutoka juu, yakalaliana ovyo ovyo, na kwa muda mfupi gorogoro ikajaa mpaka ikatokeza kilima. "Kastoma, imejaa. Ishirini." Mteja wake alikuwa mvulana mkimya, yule ambaye kwa kawaida ni lazima umsihi ndipo aseme neno. Akaitazama gorogoro, akaishika kwa mikono miwili na kuitikisa. Kilima kikazama, majani yakashuka karibu nusu. "Haijajaa," akasema. Msichana akasema ukitikisa unaponda omena. Mvulana akasema nyanya yake hutikisa, na omena hawapondeki. Wateja waliobaki wakagawanyika, na mmoja akanikimbilia kuniletea kesi.

Kesi yenyewe sikuiamua. Niliwaambia wamwage majani yote karaini wapime upya, kwanza bila kutikisa, halafu wakitikisa, na kila mara wahesabu ni mikebe mingapi ya nusu inayoingia. Kipindi chetu ni dakika 30. Kiliisha wakiwa bado wanapima, tukaingia katika wakati wa uji, na mpishi akanipigia kelele kwa haki kabisa. Walipomaliza walikuwa wameona kwa macho yao kwamba gorogoro iliyotikiswa hubeba zaidi, kwamba nusu mbili hufanya nzima (zetu hufanya nzima na ubishi, kwa sababu ya ule mbonyeo), na kwamba mtu akikuambia "imejaa" una ruhusa ya kuangalia. Yule mvulana mkimya alikuwa ameongea asubuhi ile kuliko nilivyomsikia tangu muhula uanze, nusu Kiswahili na nusu Dholuo. Kesho yake nyanya yake mwenyewe alikuja, mkono kiunoni, kuniuliza tulianza lini kufunza biashara. Nilimwambia mwalimu ni yeye.

Kipimo, ujazo, kutoa chenji, kujieleza, kukubali umeshindwa bila kulia. Nitajieni swali la mtihani wa kuingia linalopima hata kimoja katika hivyo.

Kona ya pili ni ajua. Wazee wa huku kwetu huucheza mchezo huu kivulini, mashimo kwenye ubao au ardhini, na sioni kwa nini watoto wausubiri mpaka wawe na mvi. Mimi hukata trei ya mayai nikabakisha safu mbili za mashimo matano matano, nikatia mbegu katika kila shimo. Sheria za wazee nimezifupisha: unachota mbegu za shimo moja, unazipanda moja moja katika mashimo yanayofuata, na ukimaliza unaniambia zilikuwa ngapi. Ni mchezo mwepisi mpaka umtazame mtoto akiucheza. Wapo wanaoweza kuimba moja hadi mia bila kuvuta pumzi, lakini mkono unaangusha mbegu mbili katika shimo moja, unaruka la pili, na mdomo umeshafika saba wakati mbegu zilikuwa tano. Mtoto kama huyo anaujua wimbo wa nambari, kuhesabu bado. Na huyo ndiye atakayepata alama zote katika swali la "andika 1 hadi 100", kwa sababu nambari amezikariri kwa mfuatano na hakuna aliyemuuliza nane ni kitu gani. Ataingia Gredi ya 1 akiwa na pengo ambalo mwalimu wake mpya hatalijua mpaka wafike kwenye kutoa.

Mpinzani wake hapo kwenye trei humrekebisha kabla yangu. "Umeruka! Rudisha!" Mimi nikisema "umekosea" mtoto hunitazama usoni kujua kama nimekasirika. Mwenzake akisema, hutazama shimo.

Mchezo wa nyama sina haja ya kuueleza kwa msomaji aliyekulia Kenya. Nikitaja ng'ombe wanaruka, nikitaja paka atakayeruka anatoka. Watu huuona kama wa kuwachosha watoto walale mchana, na kweli unachosha, lakini kazi yake kubwa ni ule muda mfupi sana kati ya kusikia na kuruka, mtoto anapouzuia mwili wake mpaka akili ifike. Asiyeweza kuuzuia mwili wake akiwa amesimama uwanjani hataweza kuketi na kumsikiliza mwalimu akimaliza swali kabla hajajibu. Siku moja nilitaja kiboko, nikitarajia wote watulie. Mvulana mmoja wa familia ya wavuvi wa Dunga akaruka peke yake, akakataa katakata kutoka, akisema babu yake alimla. Tukaketi chini kusikiliza kesi. Alieleza habari za babu, mtumbwi na kiboko kwa ufasaha ambao sijui kama mimi mwenyewe ningeuweza mbele ya watu thelathini, na wenzake wakaamua kwamba kiboko ni nyama kwa watu wa Dunga tu. Mpaka leo nikitaja kiboko anaruka yeye, wengine wanasimama kimya, na ndiyo sheria.

Udongo nitaugusia tu. Ule mweusi wa upande huu ni mbaya kwa barabara na mzuri kwa ng'ombe wa kufinyanga. Mifupa ya kiganja cha mtoto wa miaka minne au mitano bado haijakomaa, na vidole havina nguvu. Kukanda udongo, kutunga vifuniko kwenye uzi, kurarua magazeti ya zamani (samahani, Mhariri) na kufunga vifungo ndiko kunakomwandaa kushika penseli bila kuikaba. Ukimlazimisha aandike kurasa kabla ya hapo, ataandika, ila utaona ameshika penseli kwa ngumi na ulimi uko nje. Wazazi hulalamikia sare kuchafuka, na hapo wana haki. Ndiyo sababu niliwaomba mashati makuukuu ya akina baba, watoto wayavae kinyumenyume siku ya udongo.

Sasa turudi kwa ile karatasi. Oktoba inapofika, soko la samaki linaanza kuonekana kama anasa. Ninawajua walimu wazuri, wenye mikono myepesi kuliko yangu, ambao wakati huo huondoa kona zote, hupanga madawati kwa safu na kuandika ubaoni kuanzia asubuhi: nakili, nakili, nakili. Hawapendi kufanya hivyo. Wanajua Januari wazazi watahesabu ni watoto wangapi wa mwalimu fulani "wamepita", na hesabu hiyo itazungushwa Kondele na Nyamasaria kabla ya jioni. Mwalimu ambaye watoto wake walirudishwa hapati wanafunzi mwaka unaofuata, na mkataba wake hauna mizizi mirefu.

Mzazi naye simlaumu. Baba mmoja mwendesha bodaboda aliniambia, "Mwalimu, mimi nalipa ili asome, kucheza anacheza bure nyumbani." Tulizungumza kwa muda mrefu, pikipiki ikinguruma. Alidhani michezo ni mambo ya CBC, huu mtaala wa umilisi, yaliyoletwa juzi na yataondolewa kesho. Nilimweleza kwamba CBC iliingia madarasa ya chini nchini kote mwaka wa 2019, lakini chekechea ilizaliwa ikicheza. Mjerumani Friedrich Froebel alipoanzisha taasisi yake ya watoto wadogo mwaka wa 1837, vifaa vyake vya kwanza vilikuwa mipira ya sufu na vipande vya mbao. Daktari Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto mwaka wa 1907 katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma, akawapa watoto vitu vya kushika, kumimina na kupanga. Nasi hapa Kenya tulikuwa na kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, tangu 1984, na wakufunzi wake wa wilayani ndio waliotufunza kutumia mbegu na makopo. Alinisikiliza vizuri. Halafu akaniuliza, "Na hiyo shule ya Gredi ya 1, hayo inayajua?" Sikuwa na jibu la kumpa, na ndiyo maana ninaandika barua hii kwa gazeti badala ya kuendelea kuwahubiria wazazi.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kuamua kama atakubaliwa. Mtihani unaoruhusiwa ni wa kumpanga tu katika kiwango kinachomfaa. Katazo hilo linataja shule za umma tu, na shule za kibinafsi zinapita katika mwanya huo. Kwa kuwa ndizo zinazotamaniwa na wazazi wengi mjini, ndizo zinazoamua kinachofunzwa chekechea hata katika vituo vya umma ambavyo havina uhusiano wowote nazo. Mwanafunzi wangu mmoja aliulizwa kwa Kiingereza jina la mnyama kwenye picha. Akasema "dhiang'". Ni ng'ombe kwa Dholuo, na ng'ombe alikuwa ndiye. Aliandikiwa sifuri na mamake akashauriwa amrudishe PP2 "aive".

Kuna jambo jingine ambalo wakubwa hawalisemi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa serikali ya kaunti elimu ya chekechea, na shule ya msingi ikabaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kwa hivyo mimi ni wa kaunti, mwalimu wa Gredi ya 1 ni wa TSC, tume ya kitaifa inayoajiri walimu, au wa mwenye shule, na mtoto anapotoka kwangu kwenda kwake anapita mpaka usio na askari. Afisa wa kaunti huja kukagua maazimio yangu ya kazi na rekodi zangu. Afisa wa kitaifa hukagua ya mwenzangu. Mlangoni, mahali mtoto anaposimama na penseli yake akiulizwa nambari mia moja, hakuna afisa.

Mtaala wenyewe unataka mtoto wa PP apimwe kwa kutazamwa akitenda. Nami ninatazama na kuandika: daftari langu lina ukurasa kwa kila mtoto, nani anapanda mbegu moja moja na nani anaruka, nani anasubiri zamu, nani anasimulia, nani hasikii vizuri sikio la kushoto (huyo tulimtambua kwenye mchezo wa nyama, alikuwa akiruka baada ya kuwaona wenzake, na sasa ameonwa hospitalini). Ninapendekeza shule zinazopokea watoto zichukue nakala ya ukurasa huo badala ya kutoa mtihani. Kama mwenye shule haniamini, na amwalike mtoto kwa asubuhi moja, ampe udongo, trei na wenzake watatu, akae kando amtazame. Atajua mengi kuliko yale anayoyapata kwenye karatasi yake, na mtoto atarudi nyumbani bila kujua kwamba alikuwa akipimwa. Kaunti nayo na Wizara wakae meza moja kwa ajili ya jambo hili tu. Si lazima kuundwe kamati yenye posho.

Na tukiwa hapo, joho. Siwezi kuandika kuhusu PP2 nisilitaje joho. Mzazi ambaye hakuwa na pesa za bakuli la uji muhula mzima anatozwa pesa za kukodi joho na kofia ya mahafali kwa mtoto wa miaka mitano, picha inapigwa, keki inakatwa. Kwa pesa hizo hizo ningejaza darasa zima mikasi, rangi na mipira, na bado ingebaki ya keki ndogo. Najua nitachukiwa kwa hili, hata na mpiga picha, ambaye ni jirani yangu.

Kwa walimu wenzangu wa Gredi ya 1 hapa Kisumu: mlango wangu uko wazi. Njooni asubuhi kabla ya uji, kati ya Jumatatu na Alhamisi, kwa maana Ijumaa tunaenda uwanjani na hatusikilizani. Mje na nguo msizozijali, na trei za mayai kama mnazo nyumbani.

Mwalimu wa PP2,
Nyalenda, Kisumu
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)